Gitaa la Hadibodi

Miaka michache iliyopita tulikwenda Marekani pamoja na wachungaji wenzetu wawili, kwa mwaliko wa sharika rafiki zilizo karibu na jiji la Chicago. Mwenyeji wetu alikuwa mzee mstaafu, mwalimu wa shule katika siku zake na mpiga kinanda wa kanisa lao kwa miaka mingi. Jioni ya pili, baada ya chakula, alituuliza kama tungependa kuona vitu anavyokusanya. Tukateremka naye ngazi hadi chumba kilicho chini ya nyumba, akawasha taa, nasi tukaona ukuta mzima umejaa magitaa ya umeme.

Tulianza kumsifu kwa adabu, tukidhani tunaonyeshwa mali ya thamani. Mzee akacheka. Akatuambia kwamba haya yalikuwa magitaa ya bei rahisi kuliko yote katika ujana wake. Yaliuzwa pamoja na sufuria, fulana na matairi katika yale maduka makubwa ya kuuza kila kitu, na walioyanunua walikuwa watoto wa wakulima na wa wafanyakazi wa viwandani. Wanamuziki waliojiona wamefika waliyacheka. Mengi yaliishia jalalani.

Kisha akashusha sanduku jeusi, akalifungua. Ndani mlikuwa na gitaa jeusi lenye chembe zinazometameta, na ndani ya sanduku hilohilo mlikuwa na amplifaya na spika ndogo. Akachomeka waya ukutani, akangoja valvu zipate moto, akapiga kodi moja. Wenzetu wawili wakapiga makofi. Sisi tulibaki kimya, kwa sababu gitaa lile tulilijua. Lilikuwa ndugu pacha wa gitaa la kwaya ya vijana tuliyoimba tukiwa wavulana, gitaa ambalo baadaye, tukiwa mchungaji wa usharika huohuo, tuliruhusu liuzwe kama chuma chakavu.

Jambo hilo tutalirudia mwishoni. Kwanza tunawaomba wasomaji watuvumilie tusimulie historia ya magitaa haya, kama tulivyoisikia kwa mzee yule na kama tulivyoisoma baadaye tuliporudi chuoni. Historia hii ina mambo ya kutufundisha kuhusu namna sisi Wakristo tunavyovipima vitu, na kupitia vitu, tunavyowapima watu.

Duka ndani ya kitabu

Mwaka 1872, mjini Chicago, Aaron Montgomery Ward alianzisha biashara ya kuuza bidhaa kwa njia ya posta. Mkulima aliyeishi mbali alipelekewa orodha ya bidhaa na bei zake, akachagua, akatuma fedha, akaletewa mzigo. Miaka ishirini hivi baadaye kampuni ya Sears, Roebuck ikafuata njia hiyohiyo na kukua hata kumpita mtangulizi wake. Orodha zile, yaani katalogi, zikawa vitabu vinene vya mamia ya kurasa. Tangu miaka ya 1890 magitaa yalikuwamo humo.

Serikali ya Marekani ilisaidia bila kukusudia. Mwaka 1896 posta ilianza majaribio ya kupeleka barua bure hadi mlangoni kwa watu wa vijijini, na mwaka 1913 ikaanza kupokea vifurushi vikubwa. Tangu hapo kijana wa shambani angeweza kuagiza gitaa kutoka Chicago bila kutoka kijijini kwake.

Kwa Wamarekani weusi wa majimbo ya kusini, jambo hili lilikuwa na uzito wa pekee. Hizo zilikuwa siku za sheria za ubaguzi wa rangi. Mtu mweusi aliyeingia dukani alisubiri mpaka wazungu wote wahudumiwe. Mara nyingi mwenye duka ndiye aliyeamua auziwe nini, kwa bei gani na kwa mkopo wa masharti gani. Katalogi haikuona rangi ya mtu. Bei iliyochapishwa ilikuwa ileile kwa kila msomaji. Wanahistoria wanatuambia kwamba baadhi ya wenye maduka wa vijijini walichukia hata wakachoma katalogi hizo hadharani.

Tusije tukaigeuza kampuni ya biashara kuwa jumuiya ya watakatifu. Sears walitaka faida, na waliipata. Lakini ndani ya kampuni hiyo alikuwamo Julius Rosenwald, Myahudi aliyekuja kuwa rais wake. Yeye alishirikiana na mwalimu Booker T. Washington kujenga shule kwa ajili ya watoto weusi wa kusini, na kati ya 1912 na 1932 zilijengwa karibu shule 5,000. Masharti yake yangeeleweka vizuri hapa kwetu: wanakijiji wenyewe walitakiwa kuchangia fedha, ardhi na nguvu kazi. Nao walichangia, ingawa walikuwa maskini.

Jinsi katalogi ilivyoingia katika maisha ya watu hawa tunaiona katika jina la mtu mmoja. Mwaka 1914 huko Mississippi alizaliwa mtoto akaitwa Roebuck Staples. Kaka yake aliitwa Sears. Huyu Roebuck tutakutana naye tena.

Kiwanda na hadibodi

Maduka hayo hayakutengeneza magitaa yenyewe kwa mikono yao. Yaliagiza kwa viwanda, kisha yakabandika majina yao. Ward walitumia jina la Airline. Sears walitumia jina la Silvertone, ambalo mwaka 1915 walizipa gramafoni zao kabla ya kulihamishia kwenye ala nyingine. Ndiyo maana gitaa moja linaweza kuwa na jina la duka kichwani na mkono wa kiwanda kingine mwilini.

Chicago ilikuwa mji wa viwanda hivyo. Kiwanda cha Harmony kilianzishwa mwaka 1892 na mhamiaji kutoka Ujerumani, Wilhelm Schultz; Sears walikimiliki kuanzia 1916 hadi 1940, na hata baada ya hapo waliendelea kununua kwake. Walikuwapo pia Kay, na walikuwapo Valco, waliotengeneza magitaa ya Airline yenye mwili wa plastiki ngumu iliyotiwa nyuzi za kioo. Katika miaka ya sitini viwanda hivi vilitoa ala kwa mamia ya maelfu.

Lakini gitaa lile la sandukuni halikutoka Chicago. Lilitoka jimbo la New Jersey, katika kiwanda cha Danelectro kilichoanzishwa mwaka 1947 na Nathan Daniel, mtoto wa wahamiaji Wayahudi kutoka Lithuania. Daniel alikuwa fundi wa amplifaya. Alipoanza kutengeneza magitaa mwaka 1954, alijiuliza swali ambalo mafundi wa ala za fahari hawakuwa na haja ya kujiuliza: ni kitu gani hasa gitaa la umeme linakihitaji ili lilie, na ni kitu gani ni mapambo tu?

Hapa inafaa tueleze kidogo. Gitaa la kawaida hutegemea tumbo lake la mbao kukuza sauti. Gitaa la umeme lina njia nyingine. Chini ya nyuzi za chuma huwekwa sumaku iliyozungushiwa waya mwembamba mara maelfu. Uzi unapotikisika juu ya sumaku, umeme mdogo sana huzaliwa ndani ya waya, nao hupelekwa kwenye amplifaya ukuzwe hadi utikise spika. Kwa hiyo mbao ghali si lazima.

Daniel akatengeneza fremu ya mbao za kawaida, akaifunika juu na chini kwa hadibodi, ile tunayoijua sote, tunayoipigilia kwenye dari. Hadibodi hiyo iliyovumbuliwa na William Mason mwaka 1924 mjini Laurel, Mississippi, ni nyuzinyuzi za mabaki ya mbao zilizoshindiliwa kwa mvuke na joto. Kwa maneno mengine, ni takataka za kiwanda cha mbao zilizopewa kazi. Ubavuni Daniel alifunga utepe wa plastiki. Sumaku na waya wake alivitia ndani ya vibomba vya chuma vya kuwekea rangi ya midomo ya wanawake. Shingo aliipitishia vyuma viwili ili isipinde.

Matokeo yake yalionekana kwenye bei. Gitaa la fahari la Fender, Stratocaster, lilipotoka mwaka 1954 liliuzwa kwa dola 249.50. Mwaka 1962 katalogi ya Sears ilitangaza gitaa la Silvertone lililotengenezwa na Daniel, pamoja na sanduku lenye amplifaya ndani yake, kwa chini ya dola 70. Mtoto aliyepewa sanduku lile siku ya Krismasi hakuhitaji kununua kitu kingine chochote. Alichomeka, akaanza.

Sisi Walutheri tunafundishwa kwamba kazi halali ya mikono ni wito, na kwamba kwa kazi hiyo Mungu humhudumia jirani yetu. Mara nyingi tunapohubiri hayo tunawafikiria daktari na mwalimu. Ni vema tumfikirie pia mfanyakazi asiyejulikana jina, aliyesimama siku nzima akizungusha waya kwenye sumaku ili mtoto ambaye hatamwona kamwe aweze kupiga wimbo.

Waliopiga

Walipiga nini? Muddy Waters, aliyekuja kuwa baba wa muziki wa bluzi wa Chicago, alisimulia kwamba akiwa kijana Mississippi aliuza farasi wa nyumbani, akampa bibi yake sehemu ya fedha, na kwa dola mbili na nusu akanunua gitaa lililokwisha kutumika.

Yule Roebuck Staples alihamia Chicago katika miaka ya 1930 na kufanya kazi katika machinjio makubwa ya jiji. Akajipatia gitaa la bei ndogo kwenye duka la rehani, akawaketisha watoto wake sebuleni, akampa kila mmoja sauti yake. Mwaka 1948 familia hiyo ikaanza kuimba makanisani. Dunia ikaja kuwajua kwa jina la Staple Singers, na nyimbo zao zilisindikiza maandamano ya kudai haki wakati wa Martin Luther King.

Kulikuwa na makanisa ambayo hayakuogopa gitaa. Katika kanisa moja la Kipentekoste la watu weusi liitwalo House of God, tangu mwishoni mwa miaka ya 1930, ndugu wawili, Troman na Willie Eason, walileta ibadani gitaa la umeme linalolazwa mapajani na kupigwa kwa kipande cha chuma. Hawakuwa na kinanda cha mabomba, wala fedha za kukinunua. Gitaa likashika nafasi yake, likawa linaitikia mahubiri na kulia pamoja na waombaji. Mpaka leo kuna sharika za kanisa hilo ambazo ibada yao haikamiliki bila gitaa la namna hiyo.

Ule muziki wa nje ya kanisa nao ulikuwa na watu wake. Hound Dog Taylor, mzaliwa wa Mississippi, alipiga kwa miaka mingi katika baa za mitaa ya kusini mwa Chicago. Magitaa yake yalikuwa ya Kijapani, ya bei ya chini kabisa, ya aina zilizoanza kuletwa Marekani kwa wingi katika miaka ya sitini. Kijana aliyempenda alipokosa kampuni ya kumrekodi, mwaka 1971 alianzisha kampuni yake mwenyewe, Alligator, na santuri ya kwanza ikawa ya Taylor. Sauti yake imechanika na kukwaruza, na watu bado wanainunua.

Kisha kuna habari inayotugusa sisi wa Afrika. Tarehe 9 Februari 1964 Beatles kutoka Uingereza walionekana kwenye televisheni ya Marekani. Watu milioni 73 hivi waliwatazama, na katika miezi iliyofuata kila kijana wa kiume alitaka gitaa. Viwanda tulivyovitaja vilifanya kazi kuliko wakati mwingine wowote. Lakini John Lennon, mmoja wa vijana hao wanne, alianza na gitaa gani? Alianza na gitaa la bei rahisi lisilo la umeme, lililoagizwa kwa posta mwaka 1957, aina ya Gallotone, lililotengenezwa Durban, Afrika Kusini. Ndilo alilolipiga tarehe 6 Julai 1957 kwenye sherehe ya kanisa la Mtakatifu Petro, Woolton, mjini Liverpool, siku alipokutana na Paul McCartney. Mikono ya wafanyakazi wa Afrika, posta, na uwanja wa kanisa: kwa njia hiyo ndogo mambo yale makubwa yalianza.

Yalivyotupwa na yalivyotafutwa

Wimbi lile halikudumu. Magitaa ya Japani yaliuzwa kwa bei ambayo viwanda vya Marekani havikuweza kushindana nayo. Kay na Valco, waliokuwa wameungana, walifilisika mwaka 1968. Daniel alikuwa ameuza kiwanda chake kwa kampuni kubwa mwaka 1966, na kampuni hiyo ikakifunga mwaka 1969. Jina la Silvertone likatoweka kwenye katalogi mwanzoni mwa miaka ya sabini. Harmony wakafunga mwaka 1975. Hata katalogi kubwa ya Sears yenyewe ilikoma mwaka 1993.

Magitaa yakabaki juu ya dari, chini ya vitanda na kwenye maduka ya rehani. Mwenyeji wetu alituambia kwamba alipoanza kuyakusanya, watu walimpa bure wakifurahi kupata nafasi. Halafu wasikilizaji wakatambua kwamba sauti waliyoipenda katika santuri fulani ilitoka kwenye hadibodi. Jimmy Page wa Led Zeppelin alipiga Danelectro mbele ya maelfu ya watu. Baadaye Jack White wa Detroit alipata umaarufu na gitaa jekundu la plastiki la Airline. Mwishoni mwa miaka ya tisini jina la Danelectro likafufuliwa na kampuni nyingine. Yaliyokuwa ya maskini yakaanza kununuliwa na wenye fedha, na bei zikapanda mara nyingi kuliko ile ya katalogi.

Tulimwuliza mzee kama jambo hilo linamfurahisha. Akajibu kwamba linamfurahisha na kumhuzunisha. Anafurahi kwamba hayatupwi tena. Anahuzunika kwamba kijana wa leo mwenye fedha kidogo hawezi kununua gitaa lililotengenezwa kwa ajili ya kijana mwenye fedha kidogo. Akaongeza jambo ambalo hatukulitegemea. Alisema kuna usiku hushuka chumbani mwake kuhesabu magitaa yake, na usiku huo huogopa, kwa maana hajui kama anayatunza au anayaabudu. Kwa hiyo ameweka kanuni: kila mwaka gitaa moja humpa mtoto wa usharika wao anayetaka kujifunza, tena hachagui lile baya.

Bwana wetu alituonya kuhusu hazina za duniani na nondo na kutu zake, katika Mathayo sura ya 6. Kwa kawaida tunalisoma neno hilo kama onyo kwa anayependa vitu kupita kiasi. Chumbani mle tulianza kuona kwamba kuna kosa la upande wa pili, la kudharau vitu kupita kiasi, na kwamba kosa hilo la pili lilikuwa letu.

Gitaa letu

Gitaa la kwaya yetu lililetwa na mmisionari katika miaka ya sabini, kabla hatujazaliwa. Lilikuja na sanduku lake lenye amplifaya. Wazee walitusimulia kwamba amplifaya hiyo haikumaliza hata ibada moja, kwa kuwa ilitengenezwa kwa umeme wa Marekani wa volti 110 hivi. Walipoichomeka kwenye umeme wetu wa volti 230, ikatoa moshi kabla ya wimbo wa kwanza kwisha. Baadhi ya wazee walisema hiyo ni ishara, Mungu hataki gitaa kanisani. Mwalimu wa kwaya akasema ni volti tu. Akaenda kwa fundi redio, wakaunda amplifaya nyingine inayotumia betri ya gari.

Mwalimu huyo ndiye aliyetufundisha sol-fa ubaoni kwa chaki, na kwa gitaa hilo ndilo tuliloimbia kwenye mashindano ya kwaya, misibani na kwenye mikutano ya injili. Alilipiga kwa zaidi ya miaka thelathini. Lilipopasuka alilitia gundi. Nyuzi zilipokatika na nyingine hakuna, aliweka waya wa breki ya baiskeli.

Tuliporudi hapo kuwa mchungaji, usharika ulifanya changizo, tukanunua kinanda kipya cha umeme na spika kubwa mbili. Paa la stoo lilikuwa linavuja, na hadibodi ikinywa maji huvimba kama mkate. Tulipokagua stoo, gitaa lilikuwa limefumuka ubavuni. Baraza la Wazee likaamua, nasi tukatia saini, kwamba vitu vibovu viuzwe katika mnada baada ya ibada. Jumapili hiyo, baada ya ndizi, mayai na kuku watatu, gitaa likanadiwa. Watu walicheka. Mnunuzi wa vyuma chakavu alilichukua pamoja na miguu ya mabenchi. Mwalimu wa kwaya alisimama nyuma, karibu na mlango, hakusema neno. Baada ya hapo aliendelea kuja ibadani, lakini kwenye kwaya hakurudi, nasi tulijiambia kwamba ni uzee.

Tuliporudi kutoka Marekani tulikwenda nyumbani kwake. Tukamwamkia, "Shikamoo, mwalimu." Akaitikia, "Marahaba, mchungaji, karibu ndani." Tukamweleza habari za chumba kile, hadibodi, vibomba vya rangi ya midomo na bei za siku hizi. Alisikiliza kwa utulivu mpaka mwisho. Kisha tukamwomba radhi kwa kuliuza gitaa lake.

Akasema, "Mchungaji, gitaa halikuwa langu. Lilikuwa la usharika, na usharika una haki ya kuuza mali yake. Nami nilijua limekwisha. Lililoniuma ni kwamba hakuna aliyeniuliza."

Hatukuwa na jibu. Tulikuwa tumejiandaa kuomba msamaha kwa ajili ya kitu, kumbe tulimkosea mtu.

Akaingia chumbani, akarudi na kitambaa. Ndani yake mlikuwa na kibomba kimoja cha chuma. Alituambia kwamba mwishoni mwa miaka ya themanini waya uliomo ndani yake ulikatika, na gitaa likanyamaza. Akapata transfoma ya redio mbovu, akaukunjua waya wake mwembamba, akauzungusha upya kwenye sumaku kwa mkono, jioni baada ya jioni, mkewe akimshikia taa ya chemli na kumhesabia mizunguko. Mkewe alikwisha kufariki. Kabla ya mnada alikuwa amekitoa kibomba hicho, kwa kuwa hesabu ile ilikuwa ya mkewe.

Mtume Paulo aliwaandikia Wakorintho, katika barua ya kwanza, sura ya 1, kwamba Mungu amevichagua vile ambavyo ulimwengu unaviona duni na visivyo kitu. Tumelihubiri neno hilo mara nyingi, na kila mara tulijiweka upande wa waliochaguliwa. Hatukufikiri kwamba siku ya mnada tulikuwa tumesimama upande wa ulimwengu unaodharau. Martin Luther aliutukuza muziki, akiuweka karibu sana na theolojia, na yeye mwenyewe akiwa mwanafunzi mjini Eisenach aliimba milangoni mwa watu ili apate chakula. Katika baraza letu siku ile, hakuna aliyekumbuka kwamba Kanisa letu lilianza na mtoto wa aina hiyo.

Tangu wakati huo tumefanya mambo mawili, na yote ni madogo. La kwanza, Baraza la Wazee wa usharika ule, kwa ombi letu, limekubali kwamba kabla ya kitu chochote cha kanisa kuuzwa au kutupwa, aliyekitumia aulizwe kwanza, na habari zake ziandikwe katika daftari la usharika: kilitoka wapi, nani alikihudumia, kiliharibika lini. Daftari hilo sasa lina kurasa kadhaa, na wazee wetu wamekuwa wakija wenyewe kusimulia.

La pili, seremala mmoja wa usharika ameunda gitaa jipya, fremu ya mbao na juu yake hadibodi, kwa vipimo tulivyoletewa na yule mzee wa Chicago. Mwalimu amekubali kibomba chake kiwekwe humo. Ametoa sharti moja, kwamba vijana wawili wanaojifunza kwake wafundishwe kwanza kuuzungusha waya. Mpaka tunapoandika insha hii gitaa hilo halijapigwa ibadani, kwa sababu shingo bado inapinda kidogo na seremala anatafuta chuma cha kuitia ndani. Vijana wamefika mzunguko wa elfu mbili na mia tatu. Jioni huketi barazani kwa mwalimu, mmoja akizungusha na mwingine akihesabu kwa sauti.